Kiambato cha Kumi

Mimi sikuzaliwa na subira, na hao wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kufanya kazi na shemeji yangu. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye karakana yake ya krimu, katikati ya mashine ya kuchapa lebo na ukuta, kwenye kiti ambacho ili nitoke lazima mtu asukume meza kwanza. Madirisha yana nondo kwa sababu ya wezi. Mlango ni mmoja na ufunguo anao yeye. Nikisema kuna joto, ananijibu, "Joto ni zuri kwa nta, shemeji." Haya bwana.

Wananiita Mama Lebo. Kila kinachoingia kwenye kopo nakipima mimi, nakiandika kwenye rejista ya mchanganyiko, halafu nakichapa kwenye lebo. Kwenye leseni ya karakana, penye mstari wa "msimamizi wa uzalishaji", pana jina langu na si la shemeji, maana mimi ndiye niliyesomea. Na aliyenisomesha ni dada yangu, mke wake, aliyeacha shule yeye ili nibaki mimi. Hilo sijalisahau hata siku moja, na hata ningetaka kulisahau, wapo wa kunikumbusha.

Krimu yetu ina viambato tisa. Naweza kukutajia nikiwa usingizini: maji, nta, mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti, glisirini, na kuendelea mpaka manukato. Tisa. Ndivyo ilivyosajiliwa.

Cha kumi kilikuja miaka mitatu iliyopita. Shemeji aliingia na mfuko wa unga mweupe, mdogo lakini mzito, akautua kwenye mzani wangu bila hata salamu. "Huu ni wa kung'arisha," akasema. "Kijiko kimoja kwa kila pipa." Niliupima, nikauandika kwenye rejista "unga mweupe", kwa sababu mkono wangu haujui kupima kitu bila kukiandika. Wiki ya tatu, pete ya dhahabu niliyoachiwa na marehemu mama ikaanza kuwa ya kijivu. Niliisugua kwa majivu, kwa dawa ya meno, kwa limau. Wapi!

Nikamfuata shemeji stoo. "Shemeji, unga wa kawaida haugeuzi dhahabu rangi. Hii ni zebaki."

"Zebaki ile ya kwenye kipimajoto?"

"Ndugu yake. Inaanza na pete, inamalizia na figo."

Akafikiri kidogo. "Na kisheria?"

"Jela. Mmiliki na msimamizi, mimi na wewe, pingu moja."

Ungemwona! Mtu asiyebeba hata ndoo alijitwika mfuko mwenyewe, akasema anakwenda kuutupa. Kwa miaka miwili tukaishi na viambato vyetu tisa. Wateja walilalamika. Kule saluni wanawake wana kipimo chao: krimu inayokula pete ndiyo kali, isiyokula pete ni mafuta ya kupaka watoto. Shemeji alikuwa anarudi sokoni amenuna, lakini hakuthubutu. Neno "jela" lilikuwa linamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha ikaja sheria mpya. Tuliisikia redioni, mimi nikichapa, yeye akihesabu makopo. Makosa ya lebo na ya rejista, wakasema, hayana kifungo tena. Anayekiri kwa maandishi analipa faini, basi, mambo yameisha. Sitadanganya, nilipiga makofi. Mwaka mmoja wino uliniishia katikati ya kazi, makopo arobaini yakatoka bila tarehe, nikasimamishwa kizimbani kati ya mwizi wa pikipiki na jamaa aliyempiga mkewe. Kwa sababu ya wino! Kwa hiyo mimi nilisema, wenye akili wamefika serikalini.

Shemeji yeye alisikia neno moja tu: jela imeondolewa. Alikwenda kutafuta nakala ya sheria, mtu ambaye hajawahi kusoma hata maelezo ya dawa ya kikohozi, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Asubuhi moja akaja mezani kwangu anacheka mpaka machozi.

"Shemeji, sikiliza maajabu. Ukiiandika zebaki kwenye lebo, hiyo ni bidhaa iliyopigwa marufuku: jela. Usipoiandika, hilo ni kosa la lebo: faini. Umeona? Kumbe ni huo uandishi wako uliokuwa unatupeleka jela!"

"Hivyo sivyo sheria inavyosema."

"Ndivyo inavyosomeka."

Mfuko ulirudi wiki hiyo hiyo. Kumbe haukutupwa wala nini, ulikuwa chini ya tangi la maji. Nilikataa, Mungu ni shahidi. Nilikataa siku mbili nzima, nikavunja na kikombe. Siku ya tatu akaniambia kwa upole, na upole wake ndio mbaya zaidi, "Sawa. Nitafunga karakana. Ila wewe ndiye utakayemweleza dada yako kwamba nyumba imekosa riziki kwa sababu yako." Dada hakujua lolote. Kwenye mapipa hakuwa anakanyaga, alisema harufu ya nta inampa kichwa. Nikaivua pete ya mama, nikaiweka kwenye kiberiti kitupu ndani ya droo yangu, nikavaa glovu. Kwenye rejista nikaandika mistari kumi. Kwenye lebo nikachapa tisa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Na kata ndiyo mimi.

*

Mkaguzi alikuja Jumatatu asubuhi. Mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, viatu vya mtu anayetembea kwa miguu. Kuna msusi amelazwa, akasema, amelalamika kuhusu krimu yetu. Akaomba rejista. Akaiweka kando ya lebo, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, huku na huku, huku na huku. Nilimwona alipofika kwenye mstari wa kumi.

"Huku ni kumi, huku ni tisa," akasema. "Huu unga mweupe ni nini?"

"Wanga, mkuu," shemeji akadakia.

"Namuuliza msimamizi."

Niliangalia nondo za dirisha. "Ni unga mweupe," nikasema.

"Hata chokaa ni nyeupe, mama."

Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa na shati. Hakuwa mtu mbaya. Alitueleza kama anayesoma kitu alichokwisha kukisoma mara mia. Akipeleka kopo maabara, foleni ni miezi minne, na karakana inafungwa mpaka majibu yatoke. Au msimamizi akiri kwa maandishi kwamba kiambato kimoja hakikuandikwa, faini ilipwe, na faili lifungwe. Likifungwa halifunguliwi tena.

"Na kikiwa kitu kibaya?" nikamuuliza.

"Kikiwa cha marufuku, hiyo si karatasi yangu tena. Ni ya polisi, na hakuna faini. Mmiliki anakwenda na msimamizi anakwenda." Akanitazama. "Mna mpaka Ijumaa. Kalamu ni yako, mama, si yake."

Akafungua mkoba, akatoa Hati ya Kukiri Kosa, ukurasa mmoja. Akiwa mlangoni akageuka. "Zamani nikiingia mahali kama hapa, watu walikuwa wanamwaga chai kwa woga. Siku hizi wananiuliza kama faini inalipwa kwa simu."

"Kwani inawezekana kwa simu?" shemeji akauliza.

Mkaguzi alimwangalia kwa muda, kisha akampa namba.

*

Jumatano nilikwenda hospitali. Usiniulize kwa nini, labda nilitaka kumkuta mzima niweze kulala. Msusi namfahamu, miaka sita ananunua kwetu, mcheshi, mdomo wake haujui kupumzika. Nilimpita kitandani mara mbili bila kumtambua. Uso ulikuwa umejaa, macho yamebaki mistari miwili, miguu kama imemiminiwa maji.

"Mama Lebo!" akaita. "Hata wewe hunijui? Mume wangu jana alimsalimia wa kitanda cha pili."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Akaniambia ilivyoanza. Asubuhi akiamka macho yamevimba, vidole vimejaa, akadhani ni umri. Sasa daktari anasema figo zinavuja. "Anauliza kila siku, kwenye krimu kulikuwa na nini? Anasema ziko dawa za sumu hii na dawa za sumu ile, akikisia atanimaliza. Nikampa kopo. Akasema hapa pameandikwa nta na mafuta ya nazi, nani kaharibiwa figo na nazi?"

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kopo. Lebo yangu, herufi zangu, hata ule mkwaruzo wa mashine kwenye herufi ya mwisho.

"Wewe ndiye unayeyaandika haya," akasema. "Nisomee mwenyewe nisikie."

Nikasoma. Maji. Nta. Mafuta ya nazi. Mafuta ya alizeti. Glisirini. Nilisoma taratibu kama mtoto anayejifunza, nikafika kwenye manukato, nikanyamaza.

"Basi?"

"Basi," nikasema.

Akapumua. "Haya. Maana wewe ungejua."

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje kama mtu aliyemwagiwa maji. Dirisha la daktari lilikuwa wazi, hatua ishirini kutoka nilipokaa. Neno lenyewe lina herufi sita. Nikaiwaza jela, nikamwaza dada yangu akipanga foleni na chakula cha mumewe mkono mmoja na changu mkono mwingine. Nikasimama, nikaenda nyumbani, nikala. Ndiyo, nilikula, tena nikaongeza.

Alhamisi nikamwambia shemeji sisaini. Sisaini wanga wala sisaini zebaki, lichelewe hilo faili mpaka maabara wachoke wenyewe.

"Miezi minne karakana ifungwe?"

"Ifungwe."

Hakupandisha sauti. "Kesho nitakuja na dada yako," akasema.

*

Ijumaa asubuhi tulikuwa wanne kwenye kile chumba cha lebo. Mkaguzi kwenye stuli. Shemeji amesimama, mgongo wake kwenye mlango, simu mkononi, namba ya malipo imeshaandikwa. Mimi kwenye kiti changu nyuma ya meza, nimebanwa na mashine. Na dada yangu pembeni yangu, amejitanda khanga, ananukia krimu.

Hati ilikuwa mbele yangu. Penye nukta za "Kiambato ambacho hakikuandikwa", shemeji alikuwa ameshajaza mwenyewe: wanga. Kilichobaki ni saini.

"Mdogo wangu," dada akasema, "shemeji yako amenieleza yote. Umesahau mstari mmoja kwenye lebo. Nani hasahau? Saini tu, yaishe."

"Mimi nimesahau?" Nilimgeukia shemeji. "Ebo! Mimi ndiye niliyesahau?"

"Hakuna anayekulaumu," shemeji akasema, macho kwenye simu.

"Usipandishe hasira, wewe nawe," dada akasema. "Toka utotoni ndivyo ulivyo, ukikosa unakuwa mkali. Tazama, hakuna kufungwa, hakuna mahakama. Zamani ungelala ndani. Mshukuru Mungu kwa hii sheria." Akaweka mkono wake juu ya wangu, wenye kalamu, akaubonyeza kidogo kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa darasa la kwanza, akinishika nichore herufi. "Saini, mama. Kwa ajili yangu."

Hapo ndipo nilipoangalia mkono wake.

Pete yake ya ndoa ilikuwa ya kijivu. Haikuwa imechafuka, hapana. Kijivu kile kile kilichomo kwenye kiberiti changu. Na nyama ya kidole ilikuwa imefutuka juu na chini ya pete, mpaka pete ikawa kama uzi uliofungwa kwenye unga uliokandwa.

"Dada," nikasema. "Unapaka nini?"

"Aka! Si hii yetu?" Akacheka. "Mwaka huu imekuwa kali kweli, hata pete inaila, si unaona? Wenzangu wote wananiuliza siri."

"Unaipata wapi?"

"Namtuma mtu wa stoo. Huyu bahili alinikataza, alitaka niinunue dukani kama mteja."

Shemeji aliinua macho kutoka kwenye simu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo, taratibu, kuanzia mdomoni. "Nilikukataza," akasema. "Nilikwambia usiiguse."

"Ulinikataza kwa ubahili!"

Shemeji akautazama mkono wa mkewe.

"Vua pete, Dada," nikamwambia.

"Kwa nini tena?"

"Vua tu."

Akaivuta. Ikazunguka kidogo, ikagoma. Akatia mate, akavuta tena. "Asubuhi huwa navimba kidogo," akasema. "Macho na vidole. Ni umri huo, mdogo wangu, tunazeeka."

Maneno yale yale. Nilihisi ukuta umenisogelea mgongoni. Nikachukua kalamu, nikalikata neno wanga kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: zebaki. Nikasaini. Nikaandika tarehe, maana bila tarehe karatasi haina maana. Nikamsukumia mkaguzi.

Alisoma. Akavua miwani. "Mama, unajua umeandika nini?"

"Najua. Niliipima mwenyewe, kijiko kwa pipa. Mfuko uko chini ya tangi la maji."

"Shemeji!" shemeji akasema, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayeita gari lililokwisha kuondoka. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe cha kulipa.

Mkaguzi akaikunja hati mara mbili, akaiweka mfuko wa shati badala ya mkoba. "Hii si yangu tena," akasema. "Hakuna atakayetoka hapa mpaka nipige simu." Akasema hivyo akimtazama mwenye ufunguo.

"Zebaki ndiyo nini?" dada akauliza. Aliniuliza mimi, akamuuliza mumewe, akamuuliza mkaguzi. Alikuwa bado anavuta pete. "Jamani, si mnijibu?"

"Ni sumu ya figo," nikasema. "Yule msusi aliyelazwa, ndiyo iliyomlaza. Daktari wake anahitaji kujua jina la sumu ili apate dawa. Na wewe pia utahitaji."

Aliacha kuvuta. Mashine ya lebo ilikuwa inanguruma, sijui nani aliiacha imewashwa.

"Yeye naye amevimba hivi?"

"Hivi hivi. Alianza hivi hivi."

"Ulimwona?"

"Juzi. Aliniuliza ndani mna nini. Nikamsomea tisa."

Kama kuna hati ya kukiri inayonihusu, ni hii, na haina mahali pa nukta. Uso wa yule mwanamke haukutosha. Nilikaa hatua ishirini kutoka kwa daktari, nikainuka nikaenda kula. Kalamu haikusogea mpaka nilipoona kidole cha mtu wangu.

Dada alikuwa ananitazama, na dada yangu si mjinga, hajawahi kuwa. "Ulijua tangu lini?" akasema.

Ningeweza kusema tangu Jumatatu. Shemeji angenyamaza, mkaguzi asingejua tofauti. Nikafungua droo, nikatoa kiberiti, nikakisukuma kikafunguka. Aliitambua hata kabla hajaishika. Yeye ndiye aliyeivua kwenye kidole cha marehemu siku ile, akanipa mimi, akasema mdogo ndiye arithi.

"Tangu pete ya mama," nikamwambia.

Aliiangalia, akaiweka kando ya yake. Rangi moja. Kisha akafanya kitu ambacho katika miaka kumi na minne ni mumewe tu aliyekuwa akikifanya: akashika ukingo wa meza kwa mikono yake miwili iliyovimba, akaisukuma mpaka ikagonga stuli ya mkaguzi, nikapata nafasi ya kupita.

"Toka," akasema. "Bwana mkaguzi, simu yako utaipiga njiani, utakwenda na sisi. Na wewe," akamwambia mumewe, "toa ufunguo."

Nilinyoosha mkono nimshike, nilivyozoea. Akaurudisha wake nyuma.

"Hospitali unaijua," akaniambia. "Tangulia mbele, nikuone."